Waridi la Mama: Shajara ya Mwaridi wa Kibosho Uliohamia Moshi Mjini

Desemba 2023, Kibosho

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuuhamisha mwaridi wa marehemu mama kutoka kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, cha Kibosho hadi uwanja wa nyumba yangu hapa Rau, Moshi mjini, kabla mahali uliposimama hapajachimbwa msingi. Katika kikao cha sikukuu ukoo umekubaliana kwamba nyumba ya zamani itabomolewa mwakani na kujengwa nyingine kubwa zaidi, na kwa kuwa kihamba ni chembamba na hakuna anayetaka kugusa migomba wala kahawa, ukuta wa nyumba mpya utapita pale pale mama alipopanda mwaridi wake, kati ya tangi la maji na mstari wa masale unaotutenganisha na majirani. Hakuna aliyepinga, na mimi pia sikuona sababu ya kupinga. Niliomba tu nipewe muda hadi mvua za masika, kwa sababu kipandikizi cha mwaridi kikikatwa katika kiangazi kikali huwa na nafasi ndogo ya kutoa mizizi, na niliahidi kwamba baada ya hapo mafundi watakuwa huru.

Hali ya mwaridi wenyewe hairidhishi. Mparachichi uliopandwa baada ya mama kufariki umekua na kuufunika, na mmea unaohitaji jua la angalau saa sita kwa siku unapata jua kidogo tu la asubuhi. Matawi ya chini yamekuwa magumu na ya kijivu, yameota ukoga, majani yamebaki kileleni, na Krismasi hii haukuwa na ua hata moja. Shina lake hata hivyo ni nene kuliko kiwiko cha mtoto, na ukilikwaruza kwa ukucha unaona ukijani chini ya gamba. Mama aliupata kwa masista wa misheni, alikokuwa akijifunza ushonaji kabla hajaolewa. Misheni ya Kibosho ilianzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1893, na bustani yake ndiyo iliyowapa akina mama wa kijiji chetu maua mengi waliyoyapanda mbele ya nyumba zao. Mama alipewa tawi moja lililofungwa katika jani la mgomba, akalichomeka karibu na mahali maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, likashika.

Kwa kuwa hapakuwa na ua la kuonyeshana, mezani ulizuka ubishi ambao sikuutarajia. Mimi ninakumbuka waridi la mama likiwa jekundu lililokolea, jekundu la kuelekea zambarau katika kingo za petali. Kaka yangu, anayeishi Tanga, alisema kwa uhakika kamili kwamba lilikuwa la rangi ya waridi iliyopauka, karibu na weupe katikati, na akashangaa kwamba mimi niliyelala chumba chenye dirisha lililoelekea mwaridi ule ningeweza kusahau. Picha tuliyo nayo haisaidii, maana mama amesimama kando ya mwaridi wake akiwa ameshika ua moja, lakini picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Mama Mdogo, aliyeishi na mama kihambani miaka yake yote ya mwisho, alitusikiliza hadi mwisho kisha akasema, “Wanangu, pandeni. Likichanua mtaliuliza lenyewe.”

Tangu siku ile mradi ulipata swali lake.

Februari 2024, Rau

Mahali pameandaliwa. Nimechagua upande wa mashariki wa uwanja, ambako jua hufika tangu asubuhi na kivuli cha nyumba huanza alasiri, jambo lenye maana kubwa hapa mjini ambapo joto la mchana mwezi huu hupita nyuzi 30. Shimo lina kina cha futi mbili na upana kama huo. Udongo wa juu umechanganywa na samadi ya ng’ombe iliyooza vizuri, mboji, na maganda ya mpunga yanayopatikana kwa urahisi kutoka mashamba ya Moshi ya chini, kisha vyote vimerudishwa shimoni vitulie hadi miche iwe tayari. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha pH kati ya 6 na 6.5, usiotuamisha maji, na udongo wetu mwekundu wa volkano hauko mbali na hapo.

Machi 2024, Kibosho na Rau

Mvua zimeanza, na binamu yangu amekuja kutoka Arusha kwa ajili ya kazi hii. Alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mawaridi ya upande wa Usa River, yale yanayolima ndani ya vitalu nyumba na kusafirisha maua Ulaya, na mikono yake inajua mwaridi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Ninaandika hatua zake kwa kirefu, kwa kuwa hizi ndizo zilizoamua kama mwaridi wa mama ungeendelea kuwepo.

Kwanza hakugusa matawi ya kijivu. Alitafuta matawi yaliyotoka msimu uliopita, yenye unene wa penseli, ambayo gamba lake lilikuwa limekomaa kiasi kwamba miiba iliposukumwa kwa kidole gumba ilivunjika safi bila kuchubua ngozi ya tawi. Hicho, alisema, ndicho kipimo wanachokitumia shambani, kwa sababu tawi changa huoza na tawi zee huchelewa mno kutoa mizizi. Kila kipande alikikata kwa urefu wa shibiri moja hivi, chenye macho, yaani sehemu za kuchipulia, manne au matano, akikata mshazari chini kidogo ya jicho la mwisho na kukata sawa juu ya jicho la kwanza, ili anayepanda asikosee upande wa juu na wa chini. Mkasi aliufuta kwa spiriti kila alipohamia tawi jingine. Majani yote ya chini aliyaondoa, akaacha jani moja la juu lililopunguzwa nusu, kwa kuwa kipandikizi kisicho na mizizi kikiachiwa majani mengi hupoteza maji kuliko kinavyoweza kuyavuta. Vipande tulivifunga katika gazeti lililoloweshwa na jani la mgomba juu yake, vikateremka Moshi siku ile ile.

Hapa Rau vimechomekwa katika viriba vyeusi vilivyojazwa mchanga na mboji kwa kiasi sawa, theluthi mbili za kila kipande zikiwa udongoni, na viriba vimewekwa chini ya kichanja kilichoezekwa makuti ya migomba. Mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga umetandazwa juu ya fito ili kushika unyevu.

Binamu alichukua pia macho kadhaa kwa ajili ya kubebesha. Katika mashamba mengi ya maua ya Afrika Mashariki shina la kubebea ni aina iitwayo Natal Briar, yenye mizizi yenye nguvu, na alikuja na miche michache ya aina hiyo kutoka kitalu kimoja cha Usa River. Alichana gamba la shina kwa umbo la herufi T, akalifungua kwa ncha ya kisu, akalipenyeza jicho la mwaridi wa mama pamoja na kipande cha gamba lake chenye umbo la ngao, akalifunga kwa utepe wa nailoni huku jicho likiachwa wazi. Kazi yote kwa mche mmoja ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuielezea. Nilipomuuliza kama mche uliobebeshwa utakuwa bado wa mama, alijibu kwamba mizizi itakuwa ya mgeni lakini kila ua litakalotoka juu ya kiungo litakuwa la mama bila kupungua chochote.

Mei 2024

Mvua za mwaka huu zimekuwa kubwa kupita kawaida nchini, na Moshi haikuachwa. Kichanja kimeimarishwa. Baadhi ya vipandikizi vimeoza kuanzia chini, vikawa vyeusi na laini, na nimeviondoa mara moja. Vingine, na hivi ndivyo vingi, vimetoa machipukizi mekundu yenye kung’aa. Chipukizi peke yake halithibitishi mizizi, kwa kuwa kipande cha tawi kinaweza kuchipua kwa akiba yake mwenyewe na kisha kufa. Nimesubiri hadi mizizi myeupe ilipoonekana katika matundu ya chini ya viriba, na wiki hii imeonekana.

Jambo moja limenikaa moyoni katika kusubiri huku. Mbegu ya waridi haitoi waridi lile lile, kwa sababu mawaridi ya bustani ni mchanganyiko wa damu nyingi, na kila mbegu huchanganya upya. Kipandikizi ni tofauti kabisa, kwani ni mmea wenyewe unaoendelea kuishi mahali pengine. Waridi mashuhuri la Peace, alilolizalisha Mfaransa Francis Meilland, lilitumwa nje ya nchi yake kama vikonyo tu kabla Vita Kuu ya Pili haijafunga njia, likapewa jina hilo huko Marekani mwaka 1945 vita vilipokuwa vikiisha Ulaya, na miwaridi yote ya Peace iliyotapakaa duniani ni vipande vya mche ule mmoja uliochipua katika kitalu cha Meilland. Kwa hiyo haya machipukizi yaliyo chini ya kichanja changu si watoto wa mwaridi wa mama. Ni mwaridi ule ule ambao mama aliushika kwa mkono wake, na kabla yake masista, na kabla yao mtu fulani aliyeupanda misheni. Vitu vingine vyote vya mama tulivyo navyo, khanga zake, cherehani, rozari yake ya mbao, viliishia pale alipoviacha. Huu peke yake umeendelea kukua.

Mei ndio mwezi ambao kumbukumbu zangu nyingi za waridi hili zinatoka, kwa sababu ni Mwezi wa Maria. Kila jioni tulikwenda kwenye pango la Bikira Maria karibu na kanisa, watoto mbele, na mama alinikatia ua moja la kushika. Alilikata asubuhi na mapema umande ukiwa bado juu yake, akaliweka katika kopo la maji chini ya kitanda ambako palikuwa na baridi, na jioni alinikabidhi akiwa ameshavunja miiba yote kwa kidole gumba, kwa namna ile ile niliyomwona binamu akifanya mwezi Machi. Ukungu ulikuwa umeshuka, nguo zilikuwa na unyevu, na ua lile mkononi mwangu lilikuwa jekundu lililokolea. Ninaandika hivi ili ushahidi wangu uwe umeandikwa kabla ua la kwanza halijafunguka.

Julai 2024

Miche imepandwa ardhini tangu mwisho wa Juni, ile ya vipandikizi katika shimo kubwa na ile ya kubebeshwa kando yake, kiungo kikiwa juu kidogo ya udongo. Matandazo ni maganda ya kahawa kutoka kiwanda cha kukoboa, yaliyoachwa yapoe na kuoza kwanza.

Baridi ya mwezi huu imeleta ubwiri unga. Unaonekana kwanza katika majani machanga, ambayo hujikunja kingo na kufunikwa na unga mweupe, hasa mchana unapokuwa mkavu na usiku wenye unyevu. Nimekata ncha zilizoathirika na kupulizia salfa asubuhi. Harufu ya dawa imenirudisha kwenye kahawa ya baba, aliyekuwa akipuliza dawa ya kopa dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, bomba mgongoni, hadi majani ya mikahawa yakawa na madoa ya buluu na mashati yake yakabaki na buluu hiyo hata yalipofuliwa. Mwaridi wa mama ulikuwa mwisho wa mstari wa kahawa, na baba alipofika hapo na dawa kidogo ikiwa imebaki kwenye bomba, aliupulizia nao bila kusema neno. Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba hakuwa na habari na maua.

Agosti 2024

Matumba ya kwanza yametokea, nami nimeyakata yote yakiwa bado madogo. Mche mchanga ukiruhusiwa kuchanua mapema hutumia nguvu inayopaswa kwenda kwenye mizizi na matawi. Kaka alinipigia simu kuuliza habari za rangi, nikamweleza, na akaniambia kwa upole kwamba hakuwa na haraka.

Oktoba 2024

Ua la kwanza lililoachwa limefunguka.

Lilikuwa katika mche wa kipandikizi, juu ya tawi linalofika kiunoni. Jioni tumba lilikuwa bado limefungwa na sepali zake zimeanza kugeuka chini, na rangi iliyochungulia ilikuwa nyekundu ya kutosha kunifurahisha. Asubuhi, petali za nje zilikuwa zimefunguka zikaonekana za rangi ya waridi iliyofifia, na kadiri katikati ilivyofunguka ndivyo weupe ulivyoongezeka. Kufikia saa sita mchana ua zima lilikuwa limefunguka kabisa na kulegea. Ilikuwa ni rangi ya kaka bila shaka yoyote. Nilimtumia picha, na jibu lake lilikuja dakika ile ile: “Dada, ndilo hilo.”

Harufu hata hivyo haikuwa na ubishi. Niliinama saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda na kuitawanya, nikakutana na ule utamu wenye ukali kidogo wa ganda la limao, na katika pumzi moja nilikuwa nimekwisha kufika kwenye chumba cha kushonea, kwenye mafuta ya cherehani na vumbi la chaki ya fundi. Sikuhitaji kufikiri ili kufika. Wanaochunguza ubongo wanaeleza kwamba neva za kunusa hufikisha ujumbe wake karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu, bila ule mzunguko wanaoupitia kuona na kusikia, na asubuhi ile nilikuwa na ushahidi wake.

Binamu alipokuja aliinusa akanyamaza kwa muda. Alisema katika miaka yake yote ya kuvuna, kupanga kwa urefu na kuingiza ndoo kwenye chumba cha baridi, hakuzoea kunusa, kwa sababu maua ya kusafirishwa huchaguliwa kwa shina refu, tumba gumu na siku nyingi ndani ya chombo, na katika uchaguzi huo harufu imeachwa nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza sehemu ya jambo hili walipolinganisha waridi lenye harufu kali liitwalo Papa Meilland na jingine lenye harufu hafifu liitwalo Rouge Meilland, wakagundua kimeng’enya, NUDX1, kinachosaidia kutengeneza harufu na kinachofanya kazi kwa nguvu katika petali za lile la kwanza. Ninaona ni hasara kubwa kwamba watoto wa Arusha na Moshi, wanaoishi jirani na mashamba yanayopeleka mawaridi hadi Uholanzi, wanaweza kukua wakidhani kwamba waridi ni kitu cha kutazamwa tu.

Jirani yangu, bibi mwenye asili ya Pangani, aliomba petali za maua yaliyofuata. Amezianika kivulini, na ameniambia habari za mrashi wa shaba wa bibi yake, uliokuwa ukitolewa kabatini siku za harusi na maulidi ili wageni wanyunyiziwe marashi mikononi. Tulikaa barazani muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yetu. Ni miaka mingi tumesalimiana tu juu ya ua wa michongoma.

Desemba 2024

Nyumba ya Kibosho imebomolewa na mwaridi wa zamani umeng’olewa. Mama Mdogo aliomba shina lake lisichomwe, limewekwa kando ya masale.

Kaka alifika Rau kwa sikukuu akauona mche kwa macho yake. Maua yalikuwa madogo, ya rangi ile ile iliyopauka, na alisimama mbele yake kofia ikiwa mkononi. Alisoma Tanga, akaajiriwa huko huko, na kwa miaka yote ya uhai wa mama alirudi nyumbani mara moja tu kwa mwaka, Krismasi. Mama alikuwa akimwekea ua katika glasi juu ya meza ya chumba chake siku ya kufika. Haya hakuwahi kuyasema. Sikubishana naye tena kuhusu rangi.

Vidukari wamejaa kwenye matumba, wakifuatwa na sisimizi. Maji yenye sabuni kidogo yametosha, pamoja na wadudu wale wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, wanaowala vidukari kwa bidii na ambao kwa ajili yao nimeacha kabisa sumu kali.

Februari 2025

Joto kali. Tumba likianza kuonyesha rangi asubuhi, siku ya pili petali zinadondoka. Utitiri mwekundu umeonekana chini ya majani, nimewaosha kwa maji ya nguvu asubuhi. Nimepogoa kwa kiasi ili machipukizi mapya yakutane na masika: matawi makavu na yanayosuguana yameondolewa, na yaliyobaki yamefupishwa kwa theluthi moja, kila mkato ukiwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya mche pabaki wazi na hewa ipite. Katika nchi isiyo na majira ya theluji mwaridi haulali, na anayeutunza hana budi kupanga kazi zake kwa kufuata mvua.

Juni 2025

Sasa ninaweza kuandika jibu.

Maua ya mwanzo baada ya kupogoa yalifunguka Aprili, na yalikuwa ya rangi ya waridi iliyo hai zaidi kuliko ya Oktoba, jambo nililoliona bila kulipa uzito. Madoa meusi yalinishughulisha zaidi wakati ule, kwa kuwa vimelea vyake huota jani likibaki na maji kwa saa saba hivi, na masika hayakosi usiku wa namna hiyo. Nilikusanya kila jani lililoanguka nikalichoma. Katika Mei mawingu yalitulia juu ya mji, mchana ukapoa, na matumba yakachukua muda mrefu kukua, yakawa manene. Wiki hii ua moja limefunguka polepole kwa siku kadhaa. Ni jekundu lililokolea, na katika kingo za petali za nje upo ule uzambarau ambao nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliubuni mwenyewe. Mche ni ule ule, na tawi ni lile lile lililotoa ua la Oktoba.

Binamu hakushangaa nilipompigia. Rangi nyekundu ya petali inatokana na anthosianini, na mmea huitengeneza kwa wingi wakati wa baridi na kwa uchache joto linapozidi. Ndiyo sababu mashambani maua ya msimu wa baridi huchelewa, huwa makubwa na hukolea, na ya msimu wa joto huwahi, huwa madogo na hupauka. Alidhani kila mtu anajua.

Niliketi na kuhesabu majira. Mimi nilikabidhiwa ua la mama katika Mei, katika ukungu. Kaka alilikuta mezani katika Desemba, jua likiwa kali. Kila mmoja alilikumbuka waridi la siku ambazo mama alimpa, na alilikumbuka sawasawa. Nilipompelekea Mama Mdogo ua jekundu, nikiwa nimelifunga kwa jani la mgomba, alilipokea kwa mikono miwili na kusema, “Na mimi nililiona la kila mwezi, mwanangu, kwa hiyo mngenigombanisha na nani?” Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulijua: kwamba mama alikuwa akingojea baridi kwa hamu, na kwamba lilipokolea namna hii alilikata moja na kulipeleka misheni, kwa sista aliyempa tawi la kwanza, kila mwaka hadi sista yule alipofariki.

Agosti 2025

Mizizi ya miche yote imeshika vizuri na ugawaji umepangwa. Mama Mdogo atapata mche wa kipandikizi kwa ajili ya nyumba mpya ya Kibosho, ambako baridi ni kubwa zaidi kuliko hapa kwa kuwa kihamba kiko mita mia kadhaa juu ya mji, na ameshachagua mahali pa kuupanda mbali na mparachichi. Jirani yangu ameomba wake uwe karibu na ua wa michongoma ili tuutazame pande zote mbili.

Kaka ameomba mmoja wa kupanda Tanga. Nilimweleza kwamba pwani hakuna baridi ya kutosha na kwamba kwake ua halitakolea hata mara moja kwa mwaka, akanijibu kwamba hilo lililopauka ndilo analolitaka. Nimemtengea mche wa kubebeshwa, kwa sababu Natal Briar ina mizizi inayovumilia joto vizuri, ukiwa ndani ya kiriba kipya pamoja na mfuko wa mboji kwa ajili ya udongo wake wa kichanga. Utasafiri kwa basi la asubuhi wiki ijayo. Nimemwandikia aupande mahali penye upepo wa kutosha, kwa kuwa unyevu wa pwani utaleta madoa meusi mapema, aumwagilie asubuhi shinani bila kulowesha majani, na akate matumba yote ya kwanza.